Gari Lililokataa Kona: Maisha ya Javan Wabuge Wamalwa, 1963–2025

Marehemu Javan Wabuge Wamalwa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1963, nje kidogo ya Kimilili, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wamalwa na marehemu Mama Maximilla. Wenye programu ya kwanza ya mazishi, ile iliyosema kwamba angezikwa huko huko alikozaliwa, wanaombwa radhi na familia. Iliandikwa kwa nia njema, ikachapishwa Jumatano, na kufikia Alhamisi adhuhuri ilikuwa imepitwa na mambo. Mambo yenyewe yatasimuliwa hapa bila kutiwa chumvi, kwa maana yana chumvi ya kutosha.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1970. Hakuwa mtoto wa vitabu. Mwalimu wake mmoja alimwambia mzazi wake kwamba Wabuge ni msikivu sana darasani, ila anachosikiliza ni trekta la jirani. Alipomaliza darasa la saba aliingia chuo cha ufundi cha kijijini, akasomea umakanika, na mwaka wa 1981 akaja Eldoret kama tanboi, yaani utingo, wa lori la mahindi. Lori hilo liliharibika mara nyingi kuliko lilivyotembea, na ndivyo alivyopata shule yake ya kweli. Baadaye alifanya kazi katika gereji moja mjini, na mwaka wa 1998 akafungua yake mwenyewe mtaani Langas.

Tarehe 10 Disemba 1988 alifunga ndoa na Nasike, mwimbaji wa kwaya. Asubuhi ya harusi gari la maharusi lilizima, na bwana harusi akaingia chini yake na suti. Mchungaji alikataa kumkabidhi pete mpaka anawe mikono kwa mafuta ya taa. Nasike husimulia kwamba siku hiyo yeye alinukia maua na mumewe akanukia stovu, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kubadilika. Walijaliwa watoto wawili, Lenny mwaka wa 1989 na Sylvia mwaka wa 1993, wakanunua kiploti Plateau, nje ya mji, na kujenga nyumba ya mabati.

Lenny aliugua malaria, akafariki tarehe 14 Mei 1997. Alikuwa na miaka saba. Wazee walitoka Kimilili kuja kumchukua, pikapu ikakodishwa, jeneza dogo likawekwa nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Pikapu haikufika hata kwenye lami. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure kwenye tope, na lile jingine, lililokuwa limekanyaga mahali pagumu, likatulia tu kama halijaambiwa kuna kazi. Wanaume walisukuma mpaka jua likatua. Mwishowe wazee wakasema basi, na mtoto akazikwa pale pale, nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo watu wa Kimilili walisema kwamba mtoto wa Wabuge amezikwa njiani. Nasike aliyasikia maneno hayo miaka ishirini na minane, na yalimuuma kila mara.

Wabuge hakuwajibu. Aliporudi kazini alianza kufungua difu, ule mtambo wa meno unaogawa nguvu kwa magurudumu, na hakuacha tena. Alitaka kujua kwa nini nguvu ya injini ilikwenda kwa gurudumu lisilofanya kazi. Akajifunza habari za lock, kifaa kinachoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, hata moja likiwa limening'inia hewani. Kabla ya miaka kumi kupita, mwenye gari la kwenda porini, kutoka Iten hadi Kapsabet, akitaka lock alielekezwa Langas.

Hakumuuzia mtu lock kwa sababu mtu anaitaka. Mkulima mmoja wa Moiben alikuja akidai ile inayojifunga yenyewe, mbele na nyuma, kwa kuwa jirani yake anayo.

"Wewe usipokuwa, nani anaendesha?" Wabuge alimuuliza.

"Madam. Anapeleka watoi shule."

"Basi hiyo hapana. Lami ikiwa na maji, hiyo kitu itashika kama yeye hajaiambia, imtupe kwa mtaro. Weka ya hewa, nyuma peke yake. Akitaka anafinya swichi, asipotaka imelala. Na ya mbele nayo ikishika, gari haikati kona. Itaenda straight tu, hata ukuwe na mikono ya Samsoni."

Mkulima alinung'unika, akaweka ya hewa, na mwaka uliofuata akaleta shemeji zake wawili.

Kazi yenyewe aliifanya polepole hadi wateja wakasinzia. Alipima meno ya difu, akayapaka rangi kuona yanakutana wapi, akatoboa nyumba ya ekseli kupitisha mpira wa hewa. Kisha aliinua gari kwa jeki, akazungusha gurudumu moja kwa mkono. Lock ikiwa wazi, gurudumu la pili huzunguka kinyume. Akifinya swichi, pampu inasukuma hewa, unasikia mlio mfupi ndani ya ekseli, kisha tak, na magurudumu yote mawili yanakwenda upande mmoja. Sylvia, aliyekulia chini ya magari hayo na ambaye leo ndiye fundi mkuu wa gereji, aliijua sauti hiyo kabla hajajua kusoma.

Sasa tufike kwa jambo ambalo familia ililificha kwa muda mrefu. Kila gari lililokamilika Wabuge alilijaribu kwenye ile njia ya tope ya Plateau, na kila mara alimlazimisha Sylvia aketi nyuma. Kiti cha mbele, upande wa kushoto, kilikuwa kitupu. Kabla ya kuondoka, Wabuge aliuvuta mkanda wa kiti hicho kitupu akaufunga. Njiani alizungumza kwa sauti ya chini, akieleza anachofanya: sasa naweka ya nyuma, sasa naweka ya mbele, umesikia? Kisha alinyamaza kidogo, kama anayepewa jibu, halafu akacheka. Sylvia alipokuwa msichana mdogo alimuuliza anaongea na nani. Baba yake akamwambia aangalie mbele. Sylvia aliogopa kile kiti utoto wake wote, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye leseni na mikono iliyojaa grisi hakuwahi kukikalia.

Mwezi wa Machi mwaka huu Wabuge alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Alihudumiwa kwa moyo wote, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Siku za mwisho aliongea kwa shida. Alimwambia Nasike neno moja alilorudia mpaka akaridhika kwamba limeeleweka: asipelekwe mbali na Lenny. Nasike alimwambia Sylvia peke yake. Ukoo ulikuwa umeshaamua kwamba angezikwa Kimilili, katika boma la baba yake, na neno la mjane mbele ya ukoo huhesabiwa kuwa ni kilio tu. Nasike hakuwaambia wazee, na hofu ikamla: mumewe angelazwa kule, mtoto angebaki huku, na yeye asingejua alie akielekea wapi. Wabuge alifariki Jumatatu tarehe 5 Mei 2025, alfajiri, mkewe akiwa ameushika mkono wake.

Alhamisi mwili ulitolewa mochari Eldoret. Ulibebwa na Land Cruiser yake mwenyewe, kuukuu, yenye lock za hewa mbele na nyuma. Ili jeneza lipate nafasi, Sylvia alikuwa amefungua pampu na kuiacha Langas, na mipira ya hewa akaifunga kwa waya. Yeye ndiye aliyeendesha. Kaka wa marehemu, Mzee Patroba, mwenye sauti ya mwisho katika ukoo, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele.

"Mzee, hapo huwa hapakaliwi," Sylvia alimwambia.

"Na mimi nikae wapi, kwa carrier huko juu?" Mzee Patroba akajibu, akaketi.

Pale wanapotokea barabara kuu, kulia ni kwenda Webuye na Kimilili. Mbele, ukivuka, ni njia ya Plateau. Sylvia alikata kulia. Usukani ulisogea kidogo, kisha ukawa mgumu. Magurudumu yalilia juu ya lami, gari likavuka barabara moja kwa moja, lori likapiga honi, na Sylvia akasimama ng'ambo. Magari ya waombolezaji yakasimama nyuma.

"Lock ya mbele imeshika," alisema.

"Si uitoe?"

"Hakuna cha kutoa, Mzee. Pampu iko Langas, juu ya meza."

Walirudi nyuma wakajaribu tena. Safari hii wote walisikia: hewa ikiingia ndani ya ekseli, mlio mfupi, kisha tak. Gari likaenda mbele vile vile.

Mzee Patroba alijua la kufanya, kwa maana si mara ya kwanza maiti kukataa safari. Alishuka, akavua kofia, akagonga jeneza. "Wabuge, mtoto wa mama, ni mimi Patroba. Tumekuja kukupeleka kwa baba. Wachana na haya maneno, watu wanatuangalia." Mchungaji wa msafara, ambaye kwa kazi yake hapaswi kuona mambo kama hayo, aligeuka akatazama mikaratusi. Mzee alirudi kitini. Sylvia akajaribu tena, na tena gari likakataa.

Hapo Nasike, aliyekuwa nyuma kando ya jeneza, akasema. Hakulia. "Mzee, aliniambia nisimpeleke mbali na Lenny. Sikusema kwa sababu ni nani angenisikia?"

"Na kaburi tumeshachimba!" Mzee Patroba alifoka. "Litakaa wazi?" Akataka kushuka, akashindwa. Mkanda ulikuwa umemzunguka kifuani na kufungwa. Mzee huyu hajawahi kufunga mkanda wa gari maishani mwake, na yuko hapa, mwulizeni. Sylvia ndiye aliyeufungua. Mzee alitoka haraka kuliko umri wake unavyoruhusu, akapanda nyuma, akaketi kando ya ndugu yake.

Nasike akainama mbele, akauvuta mkanda juu ya kile kiti kitupu, akaufunga.

Sylvia aligusa usukani. Ulikuwa mwepesi. Alirudisha gari nyuma hadi pale pale makutanoni, akakata kulia kidogo, magurudumu yakatii. Akakata kushoto, yakatii. Kila mmoja ndani ya gari aliona kwamba sasa Land Cruiser ingekwenda popote itakapoambiwa, hata Kimilili. Sylvia akangoja, macho yake kwenye kioo, akimtazama baba yake mkubwa. Mzee Patroba aliweka mkono juu ya jeneza, machozi yakimtoka.

"Nyoosha, mwanangu," alisema. "Twende kwa mtoto."

Kule Kimilili, kwa agizo lake, kaburi lile tupu lilitiwa mgomba na kufukiwa, kama ilivyo desturi, ili lisibaki na njaa. Ijumaa Sylvia aliinua gari kwa jeki, akazungusha gurudumu la mbele kwa mkono. La pili likazunguka kinyume, kama inavyopasa. Ile mipira bado ilikuwa imefungwa kwa waya.

Marehemu ameacha mjane, Nasike, binti, Sylvia, kaka, Mzee Patroba, pamoja na dada zake Perez na Tryphosa, wapwa, majirani wa Plateau, na mafundi wote wa Langas aliowafunza. Lenny hatumtaji kati ya walioachwa. Huyo amefuatwa.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Na walale salama, baba na mwana, mahali pamoja.