Verlene Gaines, Aliyesimama Mpaka Kikapu cha Kwanza

Marehemu Verlene Gaines alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Sikeston, Missouri, mtoto wa pili wa Mzee Roscoe Pettigrew na Bi. Eulalie.

Alisoma shule ya watoto weusi ya hapo hapo, akachezea timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Shule ilipofungwa ili watoto weusi na wazungu wasome pamoja, wakahamishiwa shule ya wazungu, ambako wasichana hawakuwa na timu. Alivua viatu vya mchezo akiwa na miaka kumi na sita, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Mwaka 1970 alihamia Saint Louis, akawa mpishi wa shule hadi alipostaafu. Mwaka 1974 aliolewa na Bw. Thurman Gaines, ambaye sasa naye ni marehemu. Siku moja mume alitaka kumpeleka Florida. Yeye akataka tiketi za msimu za timu mpya ya wanawake ya mpira wa kikapu. "Thurman, Florida haihami. Hawa wasichana wakikosa watu, watahama."

Katika ukumbi wetu, mashabiki husimama mpaka timu yetu ifunge kikapu cha kwanza. Wachezaji walipovaa fulana zenye majina ya watu weusi waliouawa na polisi, mashabiki wengi walisusa, viti vikabaki vitupu. Yeye alisimama.

Kisha akaja kwenye ligi nyota mmoja mzungu wa timu nyingine, na nyuma yake mashabiki wapya na wanasiasa waliomgeuza bendera yao. Marehemu hakumchukia. "Mtoto anajua kurusha. Msimwonee." Lakini Julai 2024, nyota huyo alipokuja kucheza kwetu, timu yetu ikikosa kikapu baada ya kikapu, bwana mmoja alimfokea Marehemu kutoka nyuma:

"We bibi, kaa chini! Sikulipa kutazama mgongo wako."

"Mwanangu, hapa tunasimama mpaka tufunge. Hebu na wewe nyanyuka, unyooshe hayo magoti."

Watu walicheka. Baadaye Deshauna, mchezaji wetu mweusi, alimgonga nyota yule wakigombea mpira, na bwana huyo akamwita Deshauna nyani. Marehemu akageuka: "Huyo ana mama yake!" Walinzi wakaja, wakamwendea yeye.

"Mama, watu wanalalamika. Ukae au utoke."

Alitoka. Bwana yule alibaki na bia yake. Shangazi hakurudi tena ukumbini, na mimi, mtoto wa kaka yake, hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Moyo wake ulikuwa umedhoofika tangu 2022. Jioni ya tarehe 14 Juni 2025, hospitalini, mchezo wa timu yetu ulipoanza kwenye televisheni, alisema, "Nisimamisheni." Mimi na muuguzi tukamshika makwapani.

"Inatosha, Shangazi. Keti."

"Wamefunga?"

"Bado."

Alifariki mikononi mwetu, kabla hawajafunga.

Ameacha mtoto mmoja, Lorenzo; wajukuu wawili; dada yake, Bi. Ardelia; na sisi watoto wa kaka yake. Jeneza likishushwa, familia inaomba mtu yeyote asikae.

Keti sasa, Shangazi. Leo hakuna aliyekuamrisha. Pumzika.