Viti vya Mbele Bado Vitupu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, mwenyekiti wa wazazi na kamati yako, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, mama zangu na baba zangu, habari za mchana. Kabla sijaendelea: kijana wa pale dirishani, wewe unayerusha matangazo moja kwa moja, hebu zima kwanza. Nitakueleza. Asante.

Najua mnajiuliza. Vyeti viko mezani, mgeni rasmi amefika mapema kutushinda sisi wenyeji, na viti vya wahitimu wetu wa somo la usalama mtandaoni bado vitupu. Wako chumba cha pili, kwenye maabara ya kompyuta, na wamegoma kuingia. Natoka kuongea nao sasa hivi, jasho halijanikauka, na mbele ya Mwalimu Mkuu nasema wazi kwamba naona wana haki.

Kwani mwaka mzima nimewafundisha nini? Kutunga nywila isiyokisika, kumtambua tapeli anayejifanya rafiki, kufikiri kabla ya kubonyeza. Mama mmoja alinijia juu: "Mwalimu, simu yangu mimi haina nywila, sina cha kuficha!" Mwanawe alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku ile nilicheka, mama. Leo kicheko sina.

Muhula uliopita niliwawekea ukutani picha niliyoitengeneza mwenyewe, ya sherehe ya kuzaliwa, shangazi katikati anatabasamu. Nikauliza: mtu mwenye nia mbaya ataona nini hapa? Wakaanza kwa utani. Mmoja akasoma nembo ya shule kwenye sweta, mwingine namba ya nyumba getini, mwingine jina kamili juu ya keki. Darasa likachangamka kama uwanja wa fainali. Kisha mmoja wao akasema taratibu, "Mimi alinipata hivyohivyo."

Mwenyewe na wenzake wameniruhusu niseme haya, na sitasema ni wa kike au wa kiume. Mtu mzima asiyemjua alimpata kupitia picha iliyowekwa na ndugu yake mwenyewe, kwa upendo na kwa fahari tupu. Akamvizia njiani, akamwita kwa jina lake. Familia ikahama. Mtu yule hajakamatwa hadi leo, na mimi kila geti linapogongwa nageuka kuangalia.

Sasa jitazameni. Simu zimeinuliwa tangu nilipotamka "Mheshimiwa", na nembo yetu iko nyuma yangu, kubwa kama mlango. Mtoto yule aliwaambia wenzake hataingia humu. Lakini angebaki nje peke yake, si ukumbi mzima ungejua ni nani? Basi kiranja wao akaniambia, "Mwalimu, tukibaki sote, nani atajua ni yupi?" Nikaja mbio hapa. Hilo sikuwafundisha mimi, na nimewaonea fahari.

Wazazi wangu, sisemi hamuwapendi. Nasema hizo picha mnataka kumwonyesha nani, ambaye hamwezi kumsimulia kwa mdomo jioni hii? Je, zinazidi usalama wa mtoto wa mwenzenu, ambaye huenda ni wako?

Naombeni simu zishuke, ziingie mikobani na mifukoni. Mheshimiwa, umetangulia, Mungu akubariki. Mwenyekiti, asante. Safu ya nyuma? Vizuri. Bado naiona moja hapa karibu. Mama, ni wewe. Najua anayehutubia ni mwanao wa kumzaa, lakini hata wewe, mama yangu.

Kiranja anachungulia kwenye kioo cha mlango. Ameridhika. Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Wanaingia wote pamoja. Tafadhali msimtafute yeyote kwa macho. Mikono yenu sasa haijashika kitu. Wapigieni makofi.