Hasira Iliyobaki kwa Daktari wa Meno

"Dada Awuor, kunja uso, turudie," alisema Favour, kivuko kikiwa katikati ya ziwa. "Msiba wa mama, wifi alifungia sufuria zote chumbani. Waombolezaji wakalala njaa."

"Na ufunguo akautia kwenye sidiria!" Awuor alicheka. "Mdogo wangu, tangu daktari anivutishe ile gesi aning'oe jino, nakumbuka yote, ila hasira haiji."

"Kikao cha ukoo ni kesho mchana! Usipokasirika wewe, nani atamfanya aombe radhi?"

Awuor alikunja uso, kicheko kikamponyoka. Mimi na abiria mwenzangu, tuliokaa benchi la nyuma yao, tulishamchukia wifi huyo tusiyemjua. Huenda hasira ilikuwa imetuhamia.

Kivuko kikagusa gati. Favour alibeba mizigo, amechoka.

"Basi, kesho asubuhi tunaanza tena kwenye sufuria."