Mkaguzi Aliyeuliza Nani Anaishi Chini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Devota Haule, mkaguzi wa majengo wa manispaa yetu ya Songea. Alitutoka Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na sita alikagua nyumba zinazojengwa milimani. Nikisema alikuwa mpole, majirani zake watazima redio. Devota alikuwa na mdomo. Mumewe, Mzee Rupert, anasema, "Hata banda letu la kuku alilikataa mara mbili. Kuku wakalala jikoni, na sisi tukanyamaza."

Basi sikilizeni kisa cha Abasi.

Abasi ni mfanyabiashara wa korosho, mzaliwa wa Namasakata kule Tunduru. Alinunua kiwanja mlimani, Mjimwema. Yeye, mkewe Mwanaisha na watoto wanne walikuwa wamebanana kwenye vyumba viwili vya kupanga Bombambili. Tofali zilikuwa tayari. Fundi alikuwa tayari. Mvua zilikuwa zimebakiza mwezi mmoja. Kilichokosekana ni kibali.

Akaingia ofisini na kanzu iliyopigwa pasi, ramani kwapani. Devota akaikunjua mezani. Akaweka kidole chini ya mstari wa mpaka, palipokuwa peupe.

"Baba, hapa chini pana nini?"

"Hapana kitu, mama. Kiwanja changu kinaishia hapo."

"Kiwanja kinaisha. Na mlima je?"

Abasi akainamia ramani. Devota akaendelea:

"Hapo pasipo na kitu anaishi mama mmoja, anaitwa Kunegunda. Nyumba yake iko hatua kumi na mbili kutoka kwenye ukuta wako. Nenda kamsalimie, mwonyeshe ramani. Ukirudi, jina lake liwe limeandikwa hapo."

Wasikilizaji, Devota alitaka yote yanayotakiwa: udongo upimwe, ukuta wa kuzuia udongo uwe imara, maji yawe na njia. Hilo la jina aliliongeza mwenyewe. Nani anaishi chini yako? Bila jina, faili halisogei.

Abasi alitoka amenuna. "Nilijua huyu mama ananichelewesha tu," anasema. Tena kulikuwa na jingine. Kunegunda alifuga nguruwe, na Abasi ni Mwislamu wa swala tano. Alishuka, akasimama mbali na banda, akapiga hodi kwa sauti ya mtu anayeomba asijibiwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kunimwagia mlima?"

"Hapana, mama. Mimi wasiwasi wangu ni hawa wanyama."

"Nguruwe wangu hawapandi mlima, baba. Maji yako ndiyo yanayoshuka."

Akamwonyesha. Mtaro uliochorwa kwenye ramani ulielekea moja kwa moja kwenye chumba walicholala wajukuu wake watatu. "Niliona mikeka yao," anasema Abasi. "Ningefukia watoto wa watu, na kibali ninacho mkononi."

Wakakaa, wakapanga mpaka adhuhuri. Mtaro upindishwe. Upite ukingoni mwa kiwanja cha Kunegunda, uishie migombani kwake. Na banda la nguruwe lihamie upande wa pili. Hapo Abasi akasema alhamdulillahi kwa sauti, mama wa watu akacheka mpaka akakaa chini.

Jina likaandikwa: Kunegunda. Wiki hiyo hiyo kibali kikatoka.

Mtaro ulijengwa kwanza, kabla ya msingi wa nyumba. Devota akaja kuukagua. Akamimina ndoo mbili za maji kule juu. Kisha, wasikilizaji, akavua viatu, akakusanya gauni, akateremka mbio akishindana na maji! Mkaguzi wa manispaa, mama mzima! Maji yakafika migombani. Devota akafika wa pili. Akapiga vigelegele hata kabla hajavuta pumzi, na Kunegunda akaitikia.

Mvua zilipokuja, zilikuja kwelikweli. Wajukuu wakalala salama. Mwaka uliofuata Abasi alihamia kwake, na mkungu wa kwanza wa ndizi ulipanda mlima kichwani kwa Kunegunda.

Tulimzika Devota Ijumaa. Jumatatu asubuhi Abasi akasikia hodi. Alikuwa dada mmoja, Pamela, aliyenunua kiwanja kilicho juu ya chake.

"Shikamoo baba. Faili langu limerudishwa. Wameniambia kwanza nije nikuulize jina lako."

Abasi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha akamwita Mwanaisha alete chai, na ramani ya Pamela ikakunjuliwa mezani.

Kwa Mzee Rupert, kwa watoto na ndugu wote, poleni sana. Mmetuazima mtu mwema, Mungu ampumzishe vema. Nawe msikilizaji mpendwa, kabla hujachanganya zege, teremka kidogo. Anayeishi chini yako anaitwa nani?