Fundi Aliyemrudisha Bi Kamba

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi wetu wa chumba cha mashine anatimiza miaka thelathini na mitatu ya kutuonesha picha, na siku hiyohiyo anastaafu. Aliingia katika jumba hili la sinema akiwa kijana mwembamba mwenye nywele za kuchana. Anatoka na miwani mbili, moja ya kuonea mbali na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza.

Wiki mbili zilizopita alimwambia Meneja hataki hafla, hataki keki, hataki hotuba. Atakabidhi funguo na kwenda zake. Kwa nini alikataa, na kwa nini jana amekubali, ndiyo nitakayoeleza hapa, maana bila hiyo hamtamjua mnayemuaga.

Chumba cha mashine kiko juu ya ukumbi, ngazi ishirini na mbili nyembamba, joto lake mkate ungeiva. Zamani zilikaa humo mashine mbili, na Fundi alizipa majina: Mke Mkubwa na Mke Mdogo. Alisema ukimpaka mmoja mafuta, mwenzake ananuna. Mkanda ukiisha kwa Mke Mkubwa, Mke Mdogo anapokea, na mtazamaji chini hajui kitu. Mkanda ukikatika, aliuunga kwa gundi kwa vidole vyake mwenyewe, akaukagua kwenye taa kama mtu anayechambua mchele.

Kazini alikosa siku mbili tu, zile za msiba wa mama yake. Amefundisha mafundi wa majumba mengine matatu. Na wakongwe hawajasahau siku umeme ulipokatika zikiwa zimebaki dakika kumi picha iishe: Fundi alishuka na tochi, akasimama mbele, akatusimulia mwisho wote kwa sauti za kila mtu, hata ya farasi. Waliorudi kesho yake kuutazama mwisho wenyewe walisema wa Fundi ulikuwa bora.

Ilipokuja mashine hii ya kompyuta, miaka kumi na moja sasa, aliisoma wiki moja akaiweza. Ila hakuacha kukaa kwenye kidirisha chake kidogo akitutazama sisi watu wa chini. "Hii inaonesha vizuri," aliniambia, "lakini haijali kama mtu kalia."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Miaka ishirini na nne iliyopita ilikuja picha ya safari na hatari ambayo hapa wote tuliiita Picha ya Daraja. Inamhusu mama mmoja mwongoza njia, ambaye watazamaji walimbandika jina la Bi Kamba kwa kuwa kamba haikumtoka begani. Anakwenda na binti yake milimani kutafuta ziwa ambalo watu wanasema halipo. Picha ilikuja katika makopo saba ya bati, kila kopo na mkanda wake wa dakika ishirini hivi, namba imeandikwa kwenye kifuniko. Katika mkanda wa tano Bi Kamba amekaa kando ya moto, anamfundisha binti kufunga fundo, binti anakosea, mama anacheka mpaka anashika mbavu. Katika wa sita daraja linakatika, Bi Kamba anaanguka bondeni, ukungu unafunga, binti anaita na hakuna anayeitika. Wa saba, binti anafika ziwani peke yake.

Siku ya kwanza ya kuionesha, taa ya Mke Mkubwa iliungua watu wakiwa tayari wamepanga foleni. Fundi alihangaika nayo mpaka dakika ya mwisho, akaziamini namba za vifuniko bila kuichungulia mikanda yenyewe, kitu ambacho si kawaida yake. Ukatangulia wa sita, ukafuata wa tano.

Hebu fikirini. Bi Kamba ameanguka. Ukumbi kimya, muuza bisi amesimama mlangoni na sinia lake, machozi yanamtiririka. Mara, pap! Bi Kamba yuko kando ya moto, nguo kavu, anacheka. Jamani, watu walipanda juu ya viti. "Amepona! Si nilisema! Yule mama hafi ovyo!" Ulipofika mkanda wa mwisho na binti akaonekana peke yake ziwani, watu walijitengenezea wenyewe. Mmoja alisema mama mguu unamuuma. Mwingine akasema amebaki kambini kupika, binti akirudi akute chakula.

Safu ya nyuma alikaa mfagiaji mpya wa ukumbi, yaani mimi, na binti yangu wa miaka sita mapajani. Baba yake tulikuwa tumemzika miezi mitano nyuma. Tangu siku ya mazishi mtoto huyu hakuwa analala vizuri. Alikuwa ananishika nguo mpaka kucha zinaingia. Aliposimama juu ya mapaja yangu na kupiga makofi, alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kidirisha cha Fundi: "Mama, kumbe wanarudi!"

Kesho yake Fundi alikuwa anajua kosa liko wapi. Kulirekebisha ni kubadilisha makopo mawili tu. Hakubadilisha. Picha ilikaa wiki tatu, na kwa wiki tatu Bi Kamba alianguka na akarudi kucheka kando ya moto. Binti yangu alikuja kila siku baada ya shule, anakaa safu ileile, anapiga makofi mahali palepale. Katika daftari la hitilafu, lile ambalo kila fundi lazima ajaze, Fundi aliandika kwa mkono wake: "Mkanda wa 5 na wa 6 imepishana. Kosa langu."

Picha ilipoondoka, mtoto alianza kuweka ndala za baba yake mlangoni kila jioni. Alifanya hivyo mwezi mzima, halafu akaacha mwenyewe. Nilimsimulia Fundi jambo hilo siku moja tukinywa chai, kama hadithi tu. Chai yake akaiacha ikapoa.

Mwaka huu imekuja ya pili, mwendelezo wa ile ya Daraja.

Nimezitazama zote mbili, tena hii mpya nimeiona mara nne kwa sababu ya kazi, kwa hiyo naweza kusema. Ya pili ina kila kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho: ndege za vita, mnyama mkubwa kuliko stendi ya mabasi, mlima unaopasuka katikati, na madaraja manne badala ya moja, na yote manne yanakatika. Rangi zake zinang'aa utadhani zimeoshwa sasa hivi. Lakini ya kwanza ilikuwa na daraja moja, na kamba yake ilikuwa inalia, krii, krii, ukaisikia mpaka kwenye meno. Katika hii mpya muziki haunyamazi hata mtu avute pumzi. Katika ya kwanza mama anateka maji, anayachemsha, unasubiri naye mpaka yachemke. Katika ya pili hakuna anayekula siku tatu nzima, wanakimbia tu, na mimi nilikaa nawaza hawa watoto wa watu watazimia saa ngapi.

Lakini nisiionee. Kuna mahali pamoja. Binti wa Bi Kamba, sasa mtu mzima mwenye mvi, amerudi bondeni kuitafuta mifupa ya mama yake. Anakaa juu ya jiwe, anatoa kamba, anajaribu kufunga lile fundo. Anakosea. Analifungua, anajaribu tena. Hapo muziki umenyamaza. Mwili wangu ulikuwa kwenye kiti na tochi mkononi, lakini mimi nilikuwa mbali. Ya kwanza nilimtazama mama. Hii ya pili nilimtazama mtoto, nikajiuliza wangu huko aliko anakosea mafundo gani na nani anamcheka kwa wema.

Tatizo ni mwanzo wake. Dakika ya kwanza tu sauti inasema, "Miaka mingi imepita tangu mama alipokufa darajani." Ukumbi ukavurugika. "Alikufa lini?" Fundi cherehani wa duka la jirani akasimama: "Rudisha nyuma! Umeweka picha siyo!" Mwalimu mmoja mstaafu akalalamika kwamba amewasimulia wajukuu wote kuwa yule mama yuko hai. Kijana mmoja mwenye simu akatafuta, akasoma kwa sauti habari ya ile ya kwanza, jinsi ilivyokwenda kweli. Vichwa vyote vikageuka juu. "Fundi! Kumbe ulitufufulia marehemu!" Walikuwa wanacheka, hawakuwa na ubaya. Lakini nilimwona akifunga kidirisha chake, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukiona kimefungwa picha ikiendelea.

Ndipo alipokwenda kwa Meneja kukataa hafla. Nilipomfuata juu kumuuliza, alikuwa anapanga bisibisi zake kwenye kitambaa. "Dada," aliniambia, "hao wakubwa wacheke tu. Mimi nilimdanganya mtoto yatima wiki tatu mfululizo, akakaa anamngoja baba yake mlangoni. Unipigie makofi ya nini?"

Nilishuka ngazi zote ishirini na mbili nikilitafuta jibu.

Binti yangu sasa ana miaka thelathini, anauguza wagonjwa nchi ya mbali, na huu ni mwaka wa nne sijamgusa uso. Chumbani kwake bado natandika shuka kila Jumamosi. Jumapili alipiga simu: na huko ya pili imefika, ameiona na wenzake wa kazini. Nikaanza kumweleza, kumwomba radhi, akanikatiza. "Mama, mimi nilijua zamani. Ile ya kwanza niliiona kwa shangazi kwenye televisheni, niko darasa la nne. Nikanyamaza kwa sababu nilidhani wewe ndiye hujui." Tukacheka. Kisha akasema, "Mwambie Fundi zile wiki tatu ndizo nilizolala usingizi. Kujua nilikuja kujua nilipokuwa na nguvu za kujua. Mwambie namkumbuka kuliko picha yenyewe."

Jana nikaenda nyumbani kwa Fundi. Nilimkuta sebuleni amefungua redio ya jirani, skrubu zote ziko kwenye kisahani. Nikampa salamu hizo neno kwa neno, jinsi nilivyopewa. Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, na haikuwa na vumbi.

Basi na mimi nikatoa langu. Nilikuwa nimelibeba miaka ishirini na nne. Wiki yangu ya pili kazini nilivua vifuniko vyote saba vya yale makopo, nikavisugua kutu kwa majivu, nikavianika kwenye dirisha la ngazi, kwa kutaka kuonekana mchapakazi. Mtoto akaniita kutoka chini analia. Nikavirudisha harakaharaka, cha tano na cha sita vikapishana. Niligundua kesho yake, nilipomwona Fundi anaandika namba kwa rangi kwenye makopo yenyewe. Nilikuwa na mtoto, sina mume, niliogopa kufukuzwa. Nikanyamaza, naye akaandika "kosa langu" kwa mkono wake.

Nilidhani atashtuka. Akaendelea na redio. "Nilijua palepale, dada. Vifuniko vilikuwa vinang'aa. Mimi tangu nianze kazi sijawahi kusugua kifuniko."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alitazama chini kidirishani, akaona mfagiaji mpya na mtoto wanacheka, na hakuona ni kwa faida ya nani awatenganishe na kicheko hicho.

Hapo ndipo alipokubali kuja kwenye hafla, kwa sharti moja. "Hiyo ya vifuniko isitoke humu ndani. Acha kosa liwe langu, tumeshazoeana."

Niliitika kwa kichwa. Sasa nimeliandika, limepigwa chapa, kila mtu analo mkononi. Sharti nimelivunja, anisamehe. Mtu hawezi kustaafu na kosa langu mfukoni.

Kwa niaba ya Meneja, mkata tiketi, muuza bisi, walinzi na watazamaji wote wa jumba hili, tunamshukuru kwa kila mkanda aliouunga na kila mwisho aliotufikisha salama. Namwomba apumzike mchana, kile kifua kinachomsumbua akipeleke kwa daktari kama alivyoahidi, na asibebe redio za mtaa mzima. Binti yangu ameahidi kuja mwisho wa mwaka. Ahadi kama hiyo nimeisikia kabla, lakini safari hii ameuliza Fundi anakaa mtaa gani.

Akifika kwenye maneno haya atataka kuinuka aondoke, namjua. Mliokaa karibu na mlango, simameni muuzibe, muuza bisi atangulie.

Siku zako zote zilizobaki ziwe njema, kaka. Sasa kaa chini, watu wanataka kukupigia makofi.