Risala kwa Wageni Rasmi Wawili wa Chumba Kimoja

Mgeni rasmi, Mchungaji Hénock. Mgeni rasmi, Alhaji Abdulrahman. Mwalimu wetu Célestine. Wanafunzi wenzangu, na watoto wetu mnaotambaa chini ya meza: salamu kwa heshima na upendo.

Ndiyo, wageni rasmi mko wawili. Tutaeleza.

UKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa Darasa la Jioni la Bertrams, hapa Johannesburg, tunawakaribisha. Papa Pasta, kiti ulichokalia kimetoka saluni ya Marshalltown ninakosukia nywele. Kinazunguka, kwa hiyo tunaomba ukanyage chini kwa nguvu. Alhaji, utusamehe kwa hiyo stuli ya cherehani. Tulitayarisha kiti kimoja, kitambaa cha meza kimoja na chupa moja ya maji, ambayo tunaona mnasukumiana kwa adabu.

Yaliyotokea mlangoni tumeyasikia wote. Papa Pasta alisema, "Karibu Alhaji, umekuja kusikiliza risala yangu?" Alhaji akajibu, "Nimekuja kusomewa, Mchungaji. Mgeni rasmi ni mimi, barua hii hapa." Papa Pasta naye akatoa ya kwake. Mwandiko ulikuwa mmoja. Ni wangu. Naitwa Murielle, Mama Shekinah, katibu wa darasa.

HISTORIA YETU

Tulianza miaka mitatu iliyopita, watu watano, katika chumba hiki cha nyuma ya kanisa ambacho Papa Pasta alitupa kwa moyo wake. Leo tuko ishirini na sita: wasusi, mafundi cherehani, walinzi na wauza mboga, wa Bukavu, Lubumbashi, Tanga na Unguja. Mwezi wa tano, kumi na mmoja kati yetu tutafanya matric ya watu wazima, yaani mtihani wa kumaliza sekondari.

Mwezi uliopita tukaambiwa chumba kinachukuliwa na kwaya. Hatulaumu. Kwaya imekua, na wanaume wa sauti nzito peke yao wanajaza benchi tatu.

TULIYOJIFUNZA KWA SULTANI

Wiki hiyohiyo Mwalimu Célestine alikuwa anatufundisha habari za Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko, aliyetawala zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Upande mmoja alikuwa na Waturuki, upande mwingine Wahispania, na hakutaka kumezwa na yeyote. Basi akawa mtu wa barua. Aliandikiana na Malkia Elizabeti wa Uingereza waipige Hispania pamoja, na huku nyuma hakuacha kuzungumza na Hispania yenyewe. Mwaka 1600 alipeleka balozi London, aliyekaa huko kama miezi sita, na Waingereza wakashangaa kuona wageni wanajichinjia nyama yao wenyewe ndani ya nyumba.

Somo halijaisha, Pitchou, mlinzi na mwenyekiti wetu, akasimama. "Jamani, ule mzee iko na akili! Na siye tufanye vile."

Zubeda, fundi cherehani kutoka Tanga, akamwuliza, "Wewe Pitchou una jeshi gani?"

"Niko na kalamu ya Mama Shekinah."

Ndivyo tulivyoingia kwenye diplomasia. Kwa Alhaji, mwenye chumba kitupu juu ya duka lake la vitambaa kule Mayfair, tukampeleka Pitchou, Mkristo. Kwa Papa Pasta tukampeleka Zubeda, Mwislamu. Sababu ni kwamba mtu wa nyumbani huambiwa "kaa hapo, nakuja," lakini mgeni huhudumiwa.

MAFANIKIO

Mabalozi walipokelewa vizuri kupita kiasi. Pitchou alikwenda Mayfair kwa nusu saa, akarudi baada ya sala tatu, amevaa baraghashia. Ripoti yake yote ilikuwa, "Chai ya ule mzee haiishe." Zubeda alimsubiri Papa Pasta mpaka kwaya ikamaliza mazoezi, na tangu siku hiyo akishona anaimba sauti ya pili. Mama yake ameshapiga simu kutoka Tanga kuuliza kulikoni.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni sisi wenyewe. Zubeda alimwambia Papa Pasta kwamba Alhaji ameanza kukipaka rangi chumba chake kwa ajili yetu. Pitchou alimwambia Alhaji kwamba Papa Pasta anatuongezea viti ili tusihame. Hakuna rangi. Hakuna viti. Kila mmoja wenu akasema, "Tutaangalia." Ili kuvuta jibu, tukamwandikia kila mmoja kwamba yeye peke yake ndiye mgeni rasmi. Tulitegemea angalau mmoja atatuma mwakilishi, kama wageni rasmi wanavyofanya siku zote. Eish, mmekuja wenyewe, tena mapema! Sultani hakuwahi kumwalika Malkia na Mfalme wa Hispania Jumamosi moja, saa nane, mlango mmoja. Tunaomba radhi kutoka moyoni.

Changamoto ya pili ni watoto. Kati ya watahiniwa kumi na mmoja, sita ni akina mama tunaonyonyesha. Tulijaribu kusomea ukumbi mmoja huko mjini. Shekinah wangu akaita "Mama" mara moja tu, tukatolewa sote. Hapa analala kwenye blanketi chini ya ubao, na usingizi wake ndio ulionifundisha hesabu za sehemu. Chumba kikienda, wengine watajisomea kwenye simu. Sisi wenye watoto tutarudi nyumbani. Mnisamehe nikisema "mimi" badala ya "sisi": niliwahi kuacha shule nikaambiwa ni kwa muda tu. Ilikuwa miaka tisa.

MAOMBI

Kwaya inahitaji Jumanne na Alhamisi. Papa Pasta, tunaomba utuachie Jumatatu na Jumatano. Ngoma na spika tutazifunika wenyewe. Alhaji, tunaomba chumba chako Alhamisi peke yake, pamoja na watoto; kwenye ngazi tutawabeba. Rangi tutapaka sisi, ili Zubeda asiwe mwongo. Ni mpaka mtihani tu.

Wiki hii Mwalimu ametumalizia habari za Sultani. Barua zilikwenda na kurudi miaka mingi, balozi akarudi kwao, na vita ile ya pamoja haikupigwa kamwe. Mwaka 1603 Malkia akafa, na Sultani akafa mwaka huohuo, bado hawajakubaliana. Sisi hatuwezi kusubiri hivyo. Kwaya inahamia wiki ijayo.

Mungu awape afya, azibariki nyumba zenu, kanisa na duka, na awape neno jema la kusema sasa hivi, mkiwa mmekaa pamoja. Pilau ya Zubeda imeiva, na sombe ya kwetu, yaani kisamvu, imeiva. Tutapakua mkishajibu.

Ni sisi wenu,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni la Bertrams, Johannesburg.