Shangazi wa Sakafu Anapoweka Randa Chini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, karakana yetu inamuaga fundi mkuu wa sakafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Jina lake kamili limo kwenye kadi yake ya kazi, lakini ukifika getini ukalitaja, mlinzi atakuapia kwamba mtu huyo hamjui. Hapa anaitwa Shangazi. Wateja wanamwita Shangazi, wauza mbao wanamwita Shangazi, na hata meneja, ambaye kwa umri ni kaka yake, alishasalimu amri zamani.

Kabla hatujafika mbali, ni haki ya msomaji kujua anayemsimulia ni nani. Mwandishi wa wasifu huu ni mpaka rangi. Maandishi yake yaliyosomwa na watu wengi zaidi mpaka leo ni kibao cha RANGI MBICHI, USIGUSE, na hata hicho watu walikisoma, kisha wakagusa. Jukumu hili alitwishwa kwa sababu kikao cha maandalizi kilipokuwa kinagawa kazi, yeye alikuwa ametoka kunawa mikono. Aliporudi, wenzake walikuwa wanampigia makofi. Kwa hiyo tuvumiliane.

Shangazi aliingia karakanani akiwa binti wa miaka ishirini na ushee. Alipewa kazi ya kupiga msasa, kwa matumaini kwamba vumbi litamchosha aondoke mwenyewe. Hakuondoka. Hazikupita wiki nyingi, alimwambia msimamizi wa wakati huo, mbele ya mafundi wote, kwamba mlango anaojivunia haufungiki bila kupigwa teke. Msimamizi alimuuliza kwa hasira yeye ni nani hata amkosoe, shangazi yake? Jina likaganda hapohapo. Mlango nao ukarudiwa.

Kutoka kwenye msasa alihamia kwenye sakafu, na huko ndiko alikojenga heshima yake. Sakafu ya ukumbi wa shule, ambayo watoto wameirukia mpaka wamekuwa wazazi, ni mkono wake. Sakafu ya zahanati, inayopitisha vitanda vya magurudumu bila mgonjwa kuguna, ni mkono wake. Mfukoni hubeba gololi moja ya kioo. Akimaliza kazi, huiweka chini katikati ya chumba na kukunja mikono. Gololi ikitulia, mnakwenda kunywa chai. Ikianza safari, chai mnaisahau. Wapo mafundi wenye vifua vipana ambao wameshuhudiwa wakishika pumzi mbele ya gololi ile.

Miaka ya karibuni wateja walianza kutaka jambo jipya: vyumba vya ghorofani visivyosikika chini. Huyu ana kinanda, yule ana mashine ya kukimbilia, mwingine anataka sinema yake mwenyewe. Shangazi aliisomea kazi hiyo kwa kubomoa na kujenga upya, na akatupa somo fupi ambalo bado tunalitumia. Sauti, alisema, haipiti hewani tu. Ina miguu. Inatembea juu ya mbao kama mtu, na ukitaka kuizuia, usiipigie kelele, inyime pa kukanyagia.

Laiti mwandishi angelisikiliza somo hilo wakati lilipotolewa. Siku ile alikuwa darasani, lakini alikuwa anakoroga rangi.

Mwandishi anaishi na mke wake na watoto wawili katika nyumba ya mama mkwe. Nyumba ni ya mama mkwe, na jambo hilo lizingatiwe. Wao wako ghorofani. Mama yuko chini kwa sababu ya magoti. Ghorofani kulikuwa na chumba kitupu, na mwandishi, aliyekuwa amepata projekta na spika mbili zinazomfikia kiunoni, aliamua kukifanya chumba cha sinema. Alipaka kuta rangi ya zambarau iliyoiva, akapanga viti, akazima taa, akajiona bwana mkubwa. Hakujiuliza chini ya chumba kile kuna nini. Chini yake kulikuwa na kitanda cha mama mkwe.

Mama mkwe ni mtu wa heshima zake. Hajawahi kumtolea mkwewe neno kali. Baada ya filamu ya kwanza, alimuuliza tu kwa upole kama kuna mahali vita vimetangazwa. Baada ya filamu ya pili, aliuliza kama nyumba ina nyufa. Mwandishi alicheka, akidhani mama anatania. Kisha mama alimpigia simu mdogo wake na kumuuliza kama kile chumba cha wageni bado kiko wazi, na sanduku lake likaonekana limetolewa juu ya kabati na kufutwa vumbi. Hapo mke wa mwandishi alimfuata mumewe chumba cha sinema, akachomoa waya wa spika ukutani, akasema:

"Chagua. Spika zako au mama yangu. Na usifikirie sana, maana nyumba ni yake."

Mwandishi hakwenda kwa Shangazi. Aliona aibu, mtu wa karakana kuomba msaada wa karakana. Alikuwa amesikia mahali kwamba trei za mayai humeza sauti, basi akaanza kuzibandika ukutani, na familia ikala mayai mpaka watoto wakaanza kuwaonea kuku huruma. Sauti ilikuwa inapita sakafuni; ukuta haukuhusika kabisa. Alipogundua hilo, alifanya kile ambacho mpaka rangi hufanya akikwama: alipaka rangi. Alipaka sakafu tabaka tatu za rangi nzito kuliko zote dukani, akaisubiri ikauke, akawasha filamu. Alichopata ni sakafu inayong'aa na mama mkwe aliye macho.

Mwisho alipiga moyo konde, akamweleza Shangazi. Shangazi alikuja na mfuko wake wa vifaa, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, asiziangalie spika hata kidogo. Alimwambia mwandishi atembee, asimame, aruke. Mwandishi aliruka. Shangazi aling'oa mbao mbili, akamulika tochi katikati ya mihimili, akakuta patupu, hakuna kitu ila vumbi na hewa. Alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wewe umejenga ngoma," alisema, "halafu ukamlaza mama mkwe ndani."

Kazi ilianza. Sakafu yote ikang'olewa. Katikati ya mihimili walishindilia pamba nzito ya kuzuia sauti. Juu ya kila mhimili wakalaza ukanda wa mpira, ili ubao usikutane na mhimili ana kwa ana. Juu yake zikaja mbao pana, kisha mkeka mzito wa mpira, kisha mbao nyingine, na penye bomba au waya Shangazi akaziba kwa kidole chake mwenyewe. Mwandishi alikuwa msaidizi. Alishika mbao, alileta maji ya kunywa, na mara mbili alirundika mbao hadi akajifungia upande usio na mlango.

Jaribio lilileta tatizo la adabu. Mkwe hawezi kuingia chumbani kwa mama mkwe na kutega sikio. Basi mke akaketi chini na mama yake, Shangazi akawasha filamu yenye milipuko, na mwandishi akasimama ngazini kupokea majibu. Jibu lilikuja kwamba maneno hayasikiki tena, ila mngurumo bado upo, kama lori limeegeshwa nje bila kuzimwa.

Shangazi alilala kifudifudi, sikio sakafuni, akajivuta taratibu kufuata ukuta. Kwenye kona ya dirisha alisimama. Mbao za upande ule zilikuwa zimesukumwa hadi zikabana ukuta, na sauti ilikuwa imepata pa kukanyagia. Angeweza kuusingizia ukuta. Angeweza kusema nyumba ni kuukuu. Angeweza pia kumtazama msaidizi wake, na hakuna ambaye angeshangaa. Alikaa kitako, akajifuta jasho, akasema hapa amekosea yeye, alibana bila kupima nafasi. Akang'oa upande mzima, akaacha upenyo mwembamba kuizunguka sakafu yote, akaujaza mpira laini. Mwandishi aliona raha isiyoelezeka. Kosa limetokea, na si lake.

Safari hii filamu ilinguruma juu, na chini mama mkwe akauliza wataanza lini. Sanduku likarudi juu ya kabati. Mwandishi alitembea karakanani wiki nzima kifua mbele, akiwaeleza watu habari za mihimili kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua.

Hapo ndipo wasifu mwingi ungeishia. Lakini Shangazi ana desturi ya kurudi kuiangalia kazi ikishatulia. Siku moja alipita pale nyumbani mchana, akamkuta mama mkwe ameketi kwenye kiti chini ya ngazi, peke yake, mlango wa chumba chake uko wazi nyuma yake. Alimuuliza kama kelele zimerudi. Mama akasema hapana, kumetulia. Kisha, kwa kuwa kwa mkwewe asingeweza kuyasema, akamwambia fundi:

"Zamani nilikuwa nawasikia. Najua mdogo kaamka, mkubwa kachelewa shule, baba yao anatafuta viatu. Sasa hata wakiwepo, nakaa kama mtu aliyeachiwa nyumba alinde."

Alimwomba Shangazi asimwambie mkwewe, maana kijana wa watu amehangaika sana na anaonekana kafurahi. Shangazi alikataa kuahidi. Alikuja moja kwa moja karakanani, akamkuta mwandishi juu ya ngazi akipaka dari, akamwambia ashuke.

Mwandishi alipoyasikia, aliweka brashi chini. Halafu, kama ilivyo tabia yake, akaanza kutoa mawazo. Watoboe tundu dogo? Wafungue kona moja tu ya sakafu? Wamfungie mama kispika chumbani kinachomletea sauti za juu? Shangazi aliyasikiliza yote hadi mwisho, kwa uvumilivu ambao haumo katika mkataba wake wa kazi.

"Sakafu iache ilivyo," alisema. "Wewe, mara ya mwisho kukaa na mama yule sebuleni mkaongea, ilikuwa lini?"

Mwandishi alifunika kopo lake la rangi.

Jioni ile aliporudi nyumbani hakupanda juu. Aliweka chai mezani, akabisha hodi, akaamkia. Mama mkwe aliitikia, akamtazama kwa mashaka, akauliza kama spika zimeharibika. Mwandishi akasema ni nzima. Wakanywa chai. Maongezi ya kwanza yalikuwa magumu, yakihusu zaidi bei ya vitunguu, lakini watoto walishuka kuangalia kuna nini, wakabaki, na mama yao akawafuata.

Shangazi hakuishia kwenye maneno. Mwisho wa wiki alikuja na mbao zake, akaweka mishikio pande zote mbili za ngazi, aliyoisugua mpaka inateleza mkononi kama sabuni, na katikati ya safari akapigilia kibao cha kukunja cha mtu kupumzikia magoti. Mama mkwe alipanda ghorofani, ambako hakuwa amefika kwa miaka. Alipumzika mara moja, akapanda tena, akakataa kushikwa mkono. Aliingia chumba cha sinema, akashangaa rangi ya ukuta bila kusema neno, kwa heshima. Akaketi. Filamu ikaanza. Baada ya muda mfupi akamgeukia mkwewe na kumwomba aongeze sauti, kwani hawa watu wananong'ona.

Mwandishi hachagui tena filamu katika chumba kile. Mama anapenda zenye mahakama, na huwa anatoa hukumu kabla ya hakimu.

Karakana nayo ilipata faida yake. Tangu kazi ile, Shangazi aliweka utaratibu katika kitengo cha sakafu: kabla ubao wa kwanza haujang'olewa, fundi anakwenda kukaa na anayeishi chini. Anamuuliza nini hataki kukisikia, na nini angependa aendelee kukisikia. Wengine tuliguna kwamba ni kupoteza muda. Kisha tukapata nyumba ambayo babu wa chini alisema mashine ya kukimbilia inyamazishwe kabisa, lakini kinanda cha mjukuu kiachwe kilivyo, hata anapokosea. Tungevinyamazisha vyote viwili. Babu angetulipa, angetushukuru, na sisi tungeondoka tukijisifu. Mafundi vijana wa kitengo chake leo wanauliza swali hilo bila kukumbushwa, na huo ndio urithi anaotuachia.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani, alisema chochote isipokuwa saa ya ukutani. Tumemnunulia kiti cha kupumzikia, chenye mto na mahali pa kuegemeza miguu. Tulikosea kumwonyesha mapema. Alikipindua, akakagua miguu yake, akakuta skrubu moja imelegea, akaikaza kwa bisibisi yake, akakisimamisha. Kisha, badala ya kukaa, akauliza nani amekipaka vanishi hii. Mwandishi alikuwa ametoka kunawa mikono.

Shangazi, kwa kila sakafu tuliyoikanyaga bila kuifikiria, asante. Kwa kila mara uliporudi kutazama kazi ambayo wengine tulishaipa mgongo, asante sana. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na honi ya gari la kazi getini, na watu wa kunywa nao chai. Vanishi itarudiwa, imeahidiwa mbele ya meneja. Wewe kaa, Shangazi. Sasa kaa.